Kidole cha Tano katika Nchi ya Mfanano

Maneno yenyewe Mwantumu aliyasikia mashineni, kwenye foleni ya kusaga mahindi, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Mama mmoja mwenye ndoo ya bluu alikuwa akimnong'oneza mwenzake, lakini penye mashine mtu hawezi kunong'ona bila kupiga kelele.

"Hao watoto wanaochukuliwa kwenda kuimba Mfanano, shoga yangu, wanarudi na vidole vinne!"

"Vinne vipi?"

"Vinne kila mkono. Na ukiwauliza wanakwambia havikuwahi kuwa vitano."

Watu wakacheka, na Mwantumu akacheka nao. Akasaga unga wake, akajitwika, akaenda zake. Alipofika mlangoni kwake ndipo alipoona amebeba ndoo ya mtu mwingine. Hakurudi kuibadilisha. Alikaa kizingitini akahesabu siku: ishirini na tatu, tangu mwanawe Saumu, kitinda mimba, mwenye miaka tisa, alipochukuliwa na shangazi yake kupelekwa huko huko Mfanano.

Shangazi mwenyewe ni Kidawa, wifi yake Mwantumu, mwanamke mchangamfu asiyeweza kupita mbele ya kioo bila kusimama. Ndiye aliyemsikia Saumu akiimba huku anapepeta mchele, akasema, "Wifi, mtoto ana sauti hii na wewe unamfunika na ungo? Kule Mfanano wanazichukua katuni za zamani, zile hadithi zilizochorwa, wanazitoa upya kwa watu wa kweli wenye damu na nyama, wanaimba na kucheza. Sasa hivi wanamtafuta Binti Kimulimuli."

Nani asiyeijua katuni ya Binti Kimulimuli, yule msichana aliyemeza kimulimuli, na kila akiimba kifua chake kikawaka? Saumu alikuwa ameiangalia mpaka akaijua pumzi kwa pumzi. Alipoulizwa kama anataka kwenda, alikwishavaa viatu.

"Wanawake wa mashineni mnasaga maneno kuliko mahindi," alisema Baba Saumu jioni ile. "Vidole vya watoto watavifanyia nini? Kitoweo?"

Nyumba yao ilikuwa na desturi yake ya kunawa kabla ya kula. Mama alishika mkono wa Saumu, akamimina maji, akakitaja kila kidole kwa zamu yake. Gumba ni baba. Huyu mama. Huyu Shaweji. Huyu Mosi. Hao ni kaka na dada. "Na huyu?" Saumu hapo alipaza sauti mpaka majirani wasikie: "Na huyu ni mimi!" Jioni ile Mwantumu alijimiminia mkononi mwake mwenyewe. Alifika kwa Mosi, akanyamaza, na maji yakaendelea kumwagika mpaka birika likabaki tupu.

Kulipokucha alikuwa ameondoka.

Ya njiani tuyaache, maana mwenye hofu haoni njia. Alichokiona kwanza Mfanano ni vivuli. Nchi ile nyumba zake zimepakwa rangi za kalamu za shule, na kila nyumba imechorewa kivuli chake chini, barabarani, kwa rangi ya kijivu, kama kilivyokuwa kwenye katuni. Jua likisogea, kivuli cha kweli kinakwenda upande wake na cha rangi kinabaki pale pale. Watu hukanyaga cha kweli na kukiruka cha rangi.

Langoni palikuwa na karani.

"Umefanana?" aliuliza. Ndiyo salamu ya kule.

"Na nani?"

Karani akaandika kitu. "Jibu ni *Nimefanana*. Unaingia kama nani?"

"Kama mimi. Mwantumu, mama yake Saumu."

"Hiyo hatuna." Alifungua daftari kubwa lenye picha, akapitisha kidole, akamtazama usoni, akatazama picha, akamtazama tena. "Nitakuweka Watu wa Nyuma."

Watu wa Nyuma ni wale wanaoonekana kwenye katuni nyuma ya wakubwa: wanaofungua madirisha, wanaobeba vikapu, wanaosema habari za asubuhi na kupita. Mwantumu alipewa kikapu cha ndizi zilizochongwa kwa mti, zimepakwa rangi ya njano. Akaambiwa kwamba barabara ikianza kuimba, na itaanza, akiinue mara mbili, ageuke mzima, asitabasamu zaidi ya wenzake.

Akauliza mtoto wake yuko wapi. Karani akasubiri. Mwantumu akauliza tena. Karani akasema, kwa upole kabisa, "Wimbo uko wapi, mama?"

Maana sheria ya kule ni kwamba anayetaka kitu hakisemi, anakiimba. Mwantumu aliona kwa macho yake mtu anaumwa jino amesimama nje ya zahanati hatua tano kutoka kwa daktari, bado anatafuta mahali pa kupandisha sauti ya wimbo wake. Yeye mwenyewe aliimba pale langoni, kwa sauti ya kutwanga, maana hana nyingine: *Namtaka mwanangu, namtaka mwanangu.* Karani akamwonyesha jumba la mazoezi, akamwandika alama ndogo.

Jumbani alipokelewa na mkuu wa mahali pale, Bwana Kipimo. Mtu mwembamba, nadhifu, shingoni amening'iniza karatasi laini inayoonyesha upande wa pili, iliyochorwa sura za katuni kwa mstari mweusi. Kazi yake ni kumweka mtu nyuma ya karatasi na kuona kama amejaa ndani ya mstari.

"Ninamtafuta mwanangu Saumu. Ndiye Binti Kimulimuli wenu."

"Na wewe ni?"

"Mama yake."

Bwana Kipimo alisikitika kweli. "Binti Kimulimuli hana mama. Mama yake alifariki kabla ya picha ya kwanza."

"Mimi huyu nimekufa?"

"Kabla ya picha ya kwanza. Pole sana." Akampa mkono. "Unaweza kuangalia mazoezi kutoka kwenye kundi lako. Ila asikuone. Akikuona ana mama, hadithi yote inabomoka. Hatutakuwa na namna ila kumrudisha alikotoka, na itakuwa hasara ya taifa."

Akamweleza na sheria kuu ya nchi, iliyoandikwa juu ya kila mlango: KIPYA KIWE KILE KILE. Katuni zile wazee wao walizipenda utotoni, na sasa wanazitaka tena, mpya kabisa, ila lisiguswe neno, wala rangi, wala kituo.

"Kama ni ile ile, si mngeangalia ile ile?" aliuliza Mwantumu.

"Ile imechorwa," alisema Bwana Kipimo. "Hii ni ya kweli."

Basi akaiona hiyo ya kweli. Viti vya mbele ni vya watu wazima walioiona katuni wakiwa wadogo. Wana vitambaa vya machozi mapajani, na wanaimba kwa nguvu kuliko waimbaji. Watoto wanakaa nyuma, sakafuni, wanaangalia migongo. Mtoto akicheka mahali ambapo baba yake hakucheka zamani, anatolewa nje. Katika katuni kulikuwa na punda mcheshi anayekonyeza na kupiga soga. Sasa wameleta punda. Punda kasimama. Nyuma ya pazia mtu anaimba maneno yake, na punda anatafuna, uso mzima hauna habari. Mbele wakapiga makofi, "Punda kama punda!" Katoto kamoja nyuma kakauliza, "Mbona huyu hafurahi?" Kakatolewa.

Ndipo akatoka Saumu.

Mwantumu alisahau kikapu. Mtoto alikuwa amependeza, hilo lazima lisemwe. Gauni la dhahabu, nywele zimesukwa kama zile za kuchorwa, na sauti ni ile ile iliyokuwa ikipepeta mchele. Lakini hakuwa akivuta pumzi mahali pa kuvuta pumzi, maana mchoro haupumui, na mwisho wa kila mstari midomo yake ilikuwa ya samawati kidogo. Kisha akainua mikono juu, kama Binti Kimulimuli anavyoinua. Vidole vinne. Vinne kulia, vinne kushoto.

Kikapu kilianguka, ndizi za mti zikagonga sakafu ko-ko-ko.

"Wifi!" Mtu alimvuta nyuma ya pazia. Ni Kidawa, amepakwa nyusi mpaka kwenye nywele. "Umekuja! Wamenipa Shangazi Mwovu. Mimi! Tena si mwovu hivi hivi, nina sababu. Nina wimbo wa sababu, dakika kumi na mbili."

"Kwenye katuni shangazi hakuwa na wimbo."

"Hatujabadilisha kitu, wifi, tumerefusha tu."

"Kidawa! Vidole vya mwanangu!"

"Ah, vile. Vipo, vimefungwa. Wamevikunja ndani ya kiganja na kitambaa cha rangi ya ngozi." Hapo Kidawa akaacha kujitazama kiooni. "Ila hao watu wa viti vya mbele wanalalamika kwamba wanaona kivimbe. Baraza linakaa kesho."

Ukichunguza katuni yoyote ya zamani, mzazi mwenzangu, utaona kwamba watu wake wana vidole vinne. Sisi tumeziangalia miaka yote bila kuhesabu. Mfanano walihesabu.

Mwantumu aliingia barazani kwa kuwa Watu wa Nyuma wanaruhusiwa popote palipo na umati. Pande zilikuwa mbili. Wafungaji walisema kidole cha tano kifungwe, inatosha. Wakataji walisema kitambaa ni uongo, na nchi hii haitaki uongo, inataka kitu cha kweli. Walizungumza kwa adabu na kwa hoja, kama watu wanaojadili urefu wa pazia. Mzee mmoja wa Wakataji alisema kwa machozi kwamba alipokuwa na miaka sita mkono ule ndio uliomliwaza siku baba yake alipofariki, na leo akiona kivimbe anafiwa upya. Ukumbi ukainamisha vichwa kumheshimu. Mfungaji mmoja akauliza kama mtoto ameulizwa. Akajibiwa kwamba ameulizwa, ila amejibu kwa maneno ya kawaida, na kwa hiyo hakuna kilichoandikwa.

Mwantumu alitaka kusema. Alifungua mdomo, na wimbo haukuja, hata ule wa kutwanga.

Akaitwa shahidi, Bi Wino, mwanamke aliyeichora katuni yenyewe miaka hamsini iliyopita. Aliingia anakohoa, mikono imejaa madoa.

"Mnaniuliza kwa nini vinne?" alisema. "Nilikuwa nachoka. Ni maelfu ya mikono mle ndani, na mimi niko peke yangu na mgongo huu. Ningechora vitano nisingemaliza mpaka leo. Basi. Hakuna siri. Mwacheni mtoto na kidole chake, wapuuzi nyie."

Palikuwa na manung'uniko. Bwana Kipimo akasimama, akaleta picha ya Bi Wino ya ujana, akaichora haraka juu ya karatasi yake laini, akamweka Bi Wino nyuma yake. Mashavu yalitoka nje ya mstari. Kidevu kilitoka.

"Baraza litaona lenyewe," alisema. "Shahidi hafanani na mchoraji."

Wakampigia muhuri mwekundu wa HAIFANANI kwenye kiganja, wakamtoa. Hakuna aibu kubwa kule kama muhuri huo. Bi Wino aliutazama akiwa mlangoni, karibu kabisa na Mwantumu, akacheka kikohozi. "Nilidhani watanifunga," alisema. "Kumbe wananifungulia mlango."

Kura ikapigwa. Wakataji walishinda kwa kura tatu. Kukata kutafanyika kesho yake, kwa heshima zote, na kwaya. Onyesho la alasiri ile litakuwa la mwisho kwa kitambaa.

Mwantumu alitoka na neno la Bi Wino masikioni. Alilisaga, akalisaga, na juu yake akaweka lile la Bwana Kipimo: akikuona ana mama, tutamrudisha alikotoka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulijua, nalo ndilo lililomtisha kuliko kisu: kama mtoto, baada ya siku hizi zote za makofi, atataka kumwona.

Alasiri ukumbi ulijaa. Watu wa Nyuma walipangwa jukwaani, vikapu mkononi. Punda aliletwa. Kidawa aliimba sababu yake, yote. Kisha Saumu akaja mbele, kundi likainua vikapu mara mbili, likageuka.

Mwantumu hakugeuka.

Aliweka kikapu chini, akasimama kati ya migongo ya wenzake, ameelekea mbele peke yake kama nukta isiyofutika vizuri. Saumu, alipozunguka kama wimbo unavyotaka, alimwona. Sauti ikayumba kidogo, ikarudi. Akaendelea kuimba, macho ameyapeleka juu ya kichwa cha mama yake, kama alivyofundishwa. Maana kwenye wimbo ule Binti Kimulimuli anasema mama yake yuko kwenye nyota. Akauimba mstari huo. *Mama yangu yu nyotani.* Akauimba akiangalia nyota za karatasi.

Mwantumu hakuwa na wimbo, alikuwa na mkono. Akauinua.

"Gumba ni baba," alisema. Sauti ya kawaida, ya jikoni. Mbele mtu akafyonya.

Akainua cha pili. "Huyu mama." Bwana Kipimo alikuwa anapanda ngazi. "Huyu Shaweji." Saumu aliacha kuimba, na muziki ukaenda mbele bila yeye. "Huyu Mosi."

Bwana Kipimo alimshika Mwantumu mkono, si kwa ukali, akaanza kumvuta.

"Na huyu?" alisema Mwantumu. "Na huyu, Saumu? Na huyu?"

Mtoto alitazama mkono wake mwenyewe. Alivuta pumzi, pumzi ndefu ambayo haikuwa kwenye mchoro, ikasikika mpaka mwisho wa ukumbi. Akang'ata kitambaa kwa meno, akakivuta. Kidole kilitoka kimekunjamana, cheupe, kidogo kuliko alivyokikumbuka mama yake.

"Na huyu ni mimi, mama!"

Sakafuni nyuma, watoto walipiga makofi. Hakuna aliyewaambia. Watu wa viti vya mbele walikuwa wamefunika macho kwa vitambaa, na yule mzee wa machozi alikuwa akipiga kelele, "Ana mama! Ana mama! Mmeniharibia!"

Bwana Kipimo alimweka Saumu nyuma ya karatasi yake pale pale jukwaani, labda akitumaini. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa muhuri, na mkono wake ulikuwa mzito kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. HAIFANANI, kwenye kiganja cha mtoto. HAIFANANI, kwenye kiganja cha mama.

"Kidawa, twende," alisema Mwantumu akipita nyuma ya pazia.

Kidawa alikuwa mbele ya kioo. Vidole vyake mwenyewe alikuwa ameanza kuvikunja, anajaribu. "Tangulieni, wifi," alisema. "Wamesema wimbo wangu wataurefusha tena."

Saumu alilia njia nzima, na si kilio chote kilikuwa cha furaha. Alililia gauni. Alililia makofi. Mwantumu hakumkataza. Wino mwekundu uliwatoka viganjani baada ya siku kumi. Kidole cha tano, kulia na kushoto, hakijanyooka mpaka leo. Kila jioni mama yake anakikanda kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, na kila jioni kinafika mahali fulani kinagoma. Mtoto anaimba tena anapopepeta mchele. Anavuta pumzi, anakosea, anaanza upya.

Mashineni wanaendelea kulisema neno lile lile na kucheka. Mwenye ndoo ya bluu alirudishiwa ndoo yake, na hakuuliza. Na Mfanano, tunasikia, wanamtafuta Binti Kimulimuli mwingine.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto anayeimba, haya uyaepuke:

Usimtoe mwanao aende na mtu asiyeweza kupita mbele ya kioo, hata awe wifi yako.

Usikubali maneno ya "hatujabadilisha, tumerefusha tu." Uliza wamerefusha kwa kukata wapi.

Usiingie mahali ambapo watoto wamekaa nyuma ya wakubwa kwenye hadithi ya watoto.

Usipuuze neno la mashineni kwa sababu limechekesha.

Usilazimishe kilichotoka kwenye utoto wako kiingie kwenye mwili wa mwanao. Kama unaililia ile katuni, iangalie, ipo.

Usimpeleke mtoto kwa mtu mwenye karatasi ya kumpimia.

Usiogope muhuri.

Na mkikaa kunawa jioni, ukivihesabu vidole vyake, usiishie cha nne.